Fatima ya Ureno ni Fatima Gani?



Kuna swali ambalo sisi Waswahili tulioko ughaibuni tunaulizana kila anapotokea mtu aliyepita Ureno: ile Fatima ya Wakatoliki ni Fatima gani? Majibu nimeyasikia ya kila namna. Wapo Waislamu wenzangu wanaosema mahali pale pana jina la bintiye Mtume (s.a.w.), kwa hiyo asili yake ni petu, na Wakatoliki wamepachukua tu. Wapo Wakristo wanaosema Bibi Mariamu alikichagua kijiji chenye jina hilo kwa makusudi, ili awavute Waislamu. Wazo hili la pili si la vijiweni tu. Askofu Fulton Sheen wa Marekani aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1952.

Mimi nilikwenda Mei 2023, na nimerudi na jibu ambalo sidhani kama litamfurahisha sana yeyote kati ya hao. Naomba mnivumilie kwa urefu.

Kwanza, nilifikaje huko

Sikwenda kwa utafiti. Nina jirani hapa Uingereza, dada wa Kitanzania, muuguzi mstaafu, kwao Newala. Mwaka 2020 mwanawe alipata korona akalazwa wiki kadhaa kwenye mashine ya kupumulia. Dada akaweka nadhiri: kijana akitoka mzima, atakwenda Fatima na atakwenda kwa magoti. Kijana alitoka mzima. Nadhiri ikabaki inadai, na miguu ya Dada nayo siku hizi ni ya kubembeleza. Akaniambia, "Mwalimu, wewe si unazijua lugha za watu? Nisindikize."

Nikamjibu, "Dada, mimi ni Mwislamu wa Kibokoni. Nimekua naitazama kuta ya Fort Jesus kila asubuhi. Unajua Mreno alitufanya nini?"

Akasema, "Na sisi Newala unadhani hakutufanya?"

Nilidhani anasema tu ili anishinde kwa maneno. Tukakata tiketi. Alichokuwa anakisema nilikuja kukielewa kule kule, na nitakifikia.

Jina lenyewe

Fátima ni mji mdogo, kama kilomita 125 kaskazini ya Lisbon, katika wilaya ya Ourém. Kwa basi ni saa moja na nusu hivi. Ulikuwa kijiji cha wachungaji na wakulima kwenye nyanda za mawe ya chokaa, na haukupewa hadhi ya mji hadi 1997. Kwa hiyo jambo la kwanza la kushika ni hili: jina lilikuwepo karne nyingi kabla ya hao watoto watatu kusema wametokewa. Hakuna aliyelileta mwaka 1917.

Jina ni la Kiarabu, hilo halina ubishi. Waislamu waliingia katika rasi ile mwaka 711. Lisbon ilitekwa na Mfalme Afonso Henriques mwaka 1147, na Faro, kule kusini Algarve, ikaanguka 1249. Yaani karne tano za utawala wa Kiislamu katika sehemu kubwa ya nchi. Wenyeji wanayo ngano yao: binti wa kifalme wa Kiislamu aliitwa Fatima, akatekwa na shujaa Mreno, Gonçalo Hermigues, akabatizwa Oureana, akaolewa. Kijiji kikabaki na jina lake la kwanza, na mji wa Ourém ukachukua la pili. Hiyo ni ngano, si historia iliyothibitishwa. Lakini angalieni jinsi wenyewe wanavyoisimulia: hawafichi kwamba jina lina mwenyewe wa zamani.

Na si jina hilo pekee. Kireno kimejaa mabaki ya Kiarabu, na Mswahili anayasikia kama mtu anayesikia sauti ya binamu katika chumba cha pili. Zeituni kwao ni azeitona. Sukari ni açúcar. Fulani ni fulano, na kwa maana ile ile. Neno letu hata, kwao ni até, ambalo wanaisimu wengi wanalirudisha kwenye hatta ya Kiarabu kama letu. Na bibi kizee wa Kireno, Mkatoliki wa kupindukia, akitaka kutamani jambo atasema oxalá, neno linalotokana na kumtegemezea Mwenyezi Mungu matakwa, ndugu yake insha'Allah yetu. Hajui asili yake, na hana haja ya kuijua.

Kwa hiyo kumwambia Mreno kwamba Fatima ni petu kwa sababu ya jina ni sawa na yeye kutuambia kwamba meza zetu, bendera zetu na makasha yetu ni yake kwa sababu maneno hayo tumeyatoa kwake. Jina ni alama ya aliyepita. Si hati ya nyumba.

Yaliyotokea 1917

Tarehe 13 Mei 1917, watoto watatu wa kitongoji cha Aljustrel walikuwa wakichunga kondoo mahali paitwapo Cova da Iria. Lúcia dos Santos alikuwa na miaka 10, na binamu zake, Francisco na Jacinta Marto, walikuwa na 8 na 7. Walisema wamemwona mwanamke anayeng'aa juu ya mti mdogo, akawaambia wasali rozari kila siku ili vita viishe, na warudi hapo kila tarehe 13 kwa miezi sita.

Hivyo vita ni Vita Vikuu vya Kwanza. Ujerumani ilikuwa imetangaza vita dhidi ya Ureno Machi 1916. Serikali ya Ureno ilikuwa ya jamhuri changa, iliyompindua mfalme mwaka 1910 na kulitenga kanisa na dola mwaka 1911, na haikupenda habari za miujiza. Mwezi Agosti mtawala wa wilaya aliwakamata watoto, akawahoji na kuwatisha. Hawakubadilisha maneno yao, akawaachia.

Tarehe 13 Oktoba walikusanyika watu makumi elfu, kwenye mvua na matope. Wengi walisema waliona jua likizunguka na kuchezacheza. Wengine waliokuwa hapo hapo walisema hawakuona kitu. Gazeti la O Século, ambalo halikuwa la kanisa, liliandika habari hiyo. Kanisa lenyewe halikukurupuka: askofu wa Leiria alitoa tamko lake mwaka 1930 tu, kwamba maono yale yanastahili kuaminiwa. Na hapa kuna jambo ambalo Waislamu wengi hatulijui: Mkatoliki halazimiki kuyaamini. Kwao huo ni ufunuo wa binafsi, haumo katika nguzo za imani yao.

Francisco na Jacinta walikufa wadogo, 1919 na 1920, baada ya kuugua ile homa ya mafua iliyozunguka dunia. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu tarehe 13 Mei 2017, miaka mia kamili. Lúcia alikuwa mtawa, akaishi hadi 2005, akafa akiwa na miaka 97.

Kinachoonekana ukifika

Jamani, uwanja ni mkubwa. Unaambiwa ni mkubwa, kisha unaingia unajiona sisimizi. Upande mmoja kuna Basilika ya Rozari, nyeupe, mnara wake mita 65, ujenzi ulianza 1928. Upande wa pili kuna Basilika ya Utatu Mtakatifu iliyofunguliwa 2007, duara kubwa la kisasa lenye viti zaidi ya 8,000, lililosanifiwa na Mgiriki, Alexandros Tombazis. Langoni kuna kipande cha Ukuta wa Berlin ndani ya kioo, kilicholetwa na Mreno aliyekuwa mhamiaji Ujerumani.

Lakini moyo wa mahali si hayo majengo. Ni kikanisa kidogo mno, kama chumba cha mlinzi, kilichojengwa na wanavijiji mwaka 1919 pale ulipokuwa ule mti. Kililipuliwa kwa bomu 1922 na kikajengwa tena. Mti wenyewe haupo. Mahujaji wa mwanzo waliumaliza kwa kukata vipande vya kwenda navyo nyumbani. Kwenye kikanisa kuna sanamu ya Mariamu, haizidi sana mita moja. Taji lake la sikukuu lina risasi ndani yake, ile aliyopigwa Papa Yohane Paulo wa Pili Roma tarehe 13 Mei 1981, akaona amepona kwa kuwa siku hiyo ni siku ya Fatima.

Watu wanafikaje? Kwa miguu. Barabara za kutoka Lisbon na Porto wiki ile ya Mei zimejaa watu wenye vizibao vya kung'aa, fimbo mkononi, malengelenge miguuni. Ndugu zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania wanaokwenda Namugongo kwa Juni 3 hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Pana mahali pa mishumaa, moto mkubwa unaokula nta mchana na usiku. Na hapo nilisimama nikashangaa, kwa sababu haitupwi mishumaa tu. Wanauza viungo vya mwili vya nta: mguu, kichwa, titi, mapafu, mtoto mchanga. Aliyeugua mguu au aliyeponywa mguu ananunua mguu, anautia motoni. Nilimwona mzee mmoja wa makamo, suti yake nzuri, anatembea na kichwa cha nta kwapani kama mtu aliyetoka kununua tikiti.

Mwislamu atasema huu ni ushirikina. Nami nilikuwa na neno hilo tayari mdomoni. Kisha nikakumbuka vitambaa vilivyofungwa kwenye makaburi ya masharifu kwetu pwani, ubani, maji ya waridi, na mama zetu wanaokwenda ziara Lamu na nadhiri zao zimefungwa kwenye ncha ya leso. Hata sisi wenyewe tumegombana miaka mingi juu ya hayo, wengine wakiyaita bidaa, wengine mapenzi. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema niliyameza yale maneno.

Nadhiri ya Dada

Kuna njia nyembamba ya marumaru inayoshuka uwanjani hadi kwenye kikanisa. Hiyo ndiyo ya magoti. Asubuhi ya tarehe 12 Dada alivua viatu, akanipa pamoja na mkoba, akajifunga leso kiunoni, akapiga magoti. Mzee mmoja Mreno alimpa vikinga magoti vyake, bila kusema neno. Nilitembea kando yake nimebeba viatu. Mbele yetu kulikuwa na kijana amembeba mtoto, naye kwa magoti. Nyuma, mke na mume wameshikana mikono.

Ilichukua muda mrefu. Mara mbili Dada alisimama, akashika paja langu, akapumua. Nilitaka kumwambia, inatosha, Mungu ameona. Sikusema. Nadhiri ni deni, na katika dini yangu pia aliyeweka nadhiri ya jambo jema hulitimiza.

Alipofika alikaa chini kama mtu aliyeteremsha gunia.

Igreja na gereza

Alipokuwa anapumzika, mimi nilikuwa nasoma vibao, kwa mazoea ya ualimu. Kibao kimoja kiliandikwa Igreja, na mshale. Igreja ni kanisa. Sasa litamkeni taratibu, mtalisikia neno letu: gereza.

Wengi wenu mnaijua habari hii, lakini kuijua kwa kitabu na kuikuta kwenye kibao ni mambo mawili. Pwani yetu kanisa la Mreno lilikuwa ndani ya ngome yake au ubavuni mwake. Mwenyeji aliyesimama nje hakuona tofauti ya padri, mzinga na pingu. Vyote vilikuwa nyuma ya ukuta mmoja, na ukuta ule ukaitwa gereza. Magofu ya ngome ya Kilwa Kisiwani mpaka leo yanaitwa Gereza. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Fort Jesus, iliyoanzwa kujengwa 1593 na kuchukuliwa na Waomani 1698, Waingereza waliifanya jela halisi kuanzia 1895 hadi 1958. Neno likakaa hapo hapo. Na Wakristo wa Kiswahili walipohitaji neno la nyumba yao ya ibada, walikwenda kulichukua kwenye Kiarabu: kanisa.

Hebu lipimeni jambo hilo. Mreno ametuachia meza, mvinyo, leso, karata, nanasi. Vitu vya nyumbani na vya starehe. Lakini nyumba yake ya kusalia aliituachia kama jina la mahali pa kufungia watu. Hakuna hukumu ya historia iliyo fupi kuliko hiyo, na haikuandikwa na msomi yeyote. Nilipomweleza Dada, alicheka mpaka akashika magoti yake. Kisha akanyamaza, akaniambia habari ya babu yake.

Ruvuma

Babu yake mzaa baba alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Mjerumani, hakurudi. Kwao walikuwa wakisema tu, "alivuka Ruvuma." Hawakujua alichukuliwa na jeshi gani, maana majeshi yalipita yote.

Na hapo nikaunganisha tarehe, nikaona aibu kwamba sikuwahi kuziunganisha. Ureno haikupigana Ufaransa tu. Aprili 1916 iliteka Kionga, pale mdomoni mwa Ruvuma. Septemba 1916 askari wake walivuka mto, Oktoba wakaingia Newala, na kabla ya mwaka kwisha wakatimuliwa. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuelekea kusini na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano. Hiyo ni wiki sita baada ya lile jua la Oktoba. Askari wa Kireno waliokufa mpakani kule waliuawa na maradhi kuliko risasi, na wapagazi wa Kiafrika, wa pande zote, walikufa kwa wingi wa kutisha.

Kwa hiyo wale akina mama waliosimama kwenye matope ya Cova da Iria wakiomba vita viishe, baadhi yao walikuwa wanawaombea vijana waliokuwa Ruvuma. Vijana wa jeshi lile lile lililoingia kwa akina Dada. Na nusu karne baadaye ikawa hivyo tena: kuanzia 1964 vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza, wakimbizi wakavuka Ruvuma kuja upande wetu, na huku Ureno familia za askari zikaja Fatima kuweka nadhiri ili watoto wao warudi. Utawala wa Salazar uliitumia Fatima kwa faida yake, na Wareno wenyewe wana kejeli ya zile F tatu zilizowalaza usingizi: fado, futiboli na Fátima.

Dada alisikiliza yote. Jioni akanunua mishumaa mitatu. Mmoja wa mwanawe. Mmoja wa babu. Nikamuuliza, "Na huu?"

"Wa aliyemchukua," akasema. "Sijui kama nimemsamehe, Mwalimu. Lakini huu nauwasha."

Usiku ule walikuwepo watu wasiohesabika, kila mmoja na mshumaa, rozari ikisaliwa kwa lugha moja baada ya nyingine. Kesho yake, tarehe 13, baada ya misa, sanamu hubebwa kurudishwa kikanisani, na uwanja mzima hutoa vitambaa vyeupe na kupunga kwa kwaheri. Kitambaa hicho kwa Kireno ni lenço. Kwetu ni leso. Husimuliwa kwamba bibi zetu walikuwa wakivinunua vitambaa hivyo na kuviunga viwili kwa vitatu, ndipo likazaliwa vazi. Dada hakuwa na kitambaa cheupe. Alifungua leso yake ya kiunoni, nyekundu na nyeusi, akaipunga hiyo.

Basi ni Fatima gani?

Kwa kifupi:

1. Jina ni la Kiarabu, limebaki kutoka enzi za Waislamu wa rasi ile. Si dai letu, wala si mtego wa mtu.

2. Anayeheshimiwa pale ni Mariamu, ambaye ametajwa katika Qur'ani kwa jina na ana sura yake. Tunampenda kwa njia tofauti, na tofauti hiyo ni kubwa; tusiifiche kwa adabu.

3. Uhusiano wa kweli kati ya Fatima na sisi haumo katika jina. Umo Ruvuma. Huo hatuuzungumzi, kwa sababu kubishania jina ni rahisi kuliko kuhesabu waliokufa.

Atakayekwenda: mabasi ya Lisbon yanaondokea Sete Rios. Kuingia uwanjani ni bure. Mei na Oktoba chumba kitafutwe miezi mingi kabla. Chukua koti hata kama mchana ni jua, usiku kule juu ni baridi. Vaa kwa heshima, na usipige picha watu walio kwenye magoti. Swala zangu nilisali hotelini, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Nilirudi na viatu vya Dada kwenye mkoba wangu; aliondoka na ndala, magoti yamevimba. Sijabadilisha dini yangu wala msimamo wangu juu ya Mreno wa 1505 aliyeiteketeza Mombasa. Ila siku hizi nikilitamka neno gereza, nawaona wale watu na mishumaa yao, na neno linanikwama kidogo.

Wasalaam.